Ua la Majani Sebuleni: Zuri kwa Macho, Si la Kutiwa Mdomoni



Katika nyumba nyingi utaliona sebuleni ua ambalo sifa yake ni majani: mapana, ya kijani, yenye mabaka meupe au ya manjano katikati. Wengi wetu tulipewa kipande na jirani au mwanakwaya mwenzetu, tukakipanda bila kuuliza jina. Wataalamu huliita Dieffenbachia. Asili yake ni misitu ya joto ya Amerika ya Kati na Kusini, ambako huota chini ya miti mikubwa. Ukikumbuka hilo, halitakusumbua kulitunza.

MWANGA: Liweke karibu na dirisha, lakini jua kali lisilipige moja kwa moja, kwani huunguza majani. Kwenye kona ya giza shina litarefuka na mabaka yatafifia. Kila wiki geuza chungu kidogo ili lisiinamie upande mmoja.

MAJI: Maua ya ndani mara nyingi hufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu. Ingiza kidole kwenye udongo. Ukikuta pakavu kiasi cha sentimita 2 au 3, mwagilia; pakiwa na unyevu, ngoja. Chungu kiwe na matundu chini. Jani moja la chini likigeuka manjano, ni uzee tu. Yakigeuka mengi kwa pamoja na shina likalainika, mizizi inaoza.

KISAHANI: Maji yanayotuama kwenye kisahani cha chini ni mazalio ya mbu aina ya Aedes, waenezao homa ya dengue, ambayo ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Mbu hawa huuma mchana, wakati hatumo ndani ya chandarua. Mwaga maji hayo na ukisugue kisahani angalau mara moja kwa wiki, maana mayai hushika pembeni na huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa bila kufa.

Sasa nizungumze kama muuguzi. Majani na shina la ua hili vina chembe ndogo sana zenye ncha kama sindano. Mtoto akitafuna, chembe hizo huchoma ulimi, midomo na koo. Mdomo huvimba na mate humtoka. Ndiyo maana Waingereza waliliita “muwa wa bubu”, kwa kuwa aliyelitafuna huweza kushindwa kusema. Mara nyingi maumivu hupungua yenyewe, na vifo ni nadra sana. Lakini koo likivimba, mtoto hukosa pumzi. Ikitokea, fanya hivi:

1. Toa mabaki yote mdomoni, kisha mfute kwa kitambaa safi chenye maji.
2. Kama anaweza kumeza, mpe maji au maziwa ya baridi kidogo kidogo.
3. Usimtapishe. Kitakachorudi kitaunguza koo mara ya pili.
4. Utomvu ukiingia jichoni, lioshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha mpeleke hospitali.
5. Akikoroma, akishindwa kumeza au akipumua kwa shida, usingoje. Kimbilia hospitali, na uchukue jani moja ukawaonyeshe wahudumu.

Je, ulitupe? Si lazima. Liweke juu ya kabati, mahali ambapo mtoto atambaaye hafiki, wala hapana kiti cha kupandia. Okota majani yanayoanguka. Unapolikata, vaa glovu, nawa mikono kwa sabuni, na usijiguse macho. Waeleze pia watoto wakubwa na dada anayekusaidia kazi.

Na jirani akikuomba kipande, mkatie kwa moyo mweupe. Ila umwambie na haya, hasa kama ana mtoto anayeanza kutambaa.