Bustani Siku za Baridi

Katika Katanga ya juu usiku wa Juni na Julai una baridi kali. Bondeni sakitu huweza kuanguka, maana hewa ya baridi ni nzito: hushuka na kutuama kama maji. Asubuhi mama huona majani ya viazi vitamu yamekuwa meusi, kana kwamba yameunguzwa na moto. Mashina yakifa, mvua zitakapokuja atapanda nini?

Basi twawashauri: pandeni kitalu kidogo mtelemkoni, karibu na nyumba. Jioni kifunikeni kwa nyasi kavu juu ya vijiti. Jua likipanda, kifunueni. Mwagilieni asubuhi, kwani udongo wenye maji hushika joto la mchana. Kitalu kikiokoka, shamba zima litapandwa.