Msemaji wa jeshi aeleze kwanza barabara, ushindi ufuate

Mapigano yakizuka Ituri au Kivu ya Kaskazini, raia hufungua redio wasikie msemaji wa jeshi anasema nini. Jeshi la FARDC lina idara yake ya mawasiliano na habari, SCIFA, na kwenye maeneo ya operesheni kuna wasemaji wanaoeleza hali ya vita kwa waandishi wa habari na wananchi.

Msemaji huyo anavaa sare yenye bendera ya nchi: buluu ya amani, nyekundu ya damu ya waliokufa kwa ajili ya taifa, manjano ya utajiri, na nyota ya kesho iliyo njema. Nembo ya taifa nayo, kadiri ya katiba ya 2006, ni kichwa cha chui kati ya pembe ya ndovu na mkuki, vyote juu ya jiwe. Anayesema chini ya alama hizo anasema kwa jina la Congo nzima. Ndiyo maana mama aliye kambini anamwamini kuliko ujumbe wa WhatsApp.

Shida inaanzia hapo. Tangazo likisema kijiji kimekombolewa na hali ni tulivu, kuna familia zinazofunga mizigo kesho yake na kurudi shambani, maana njaa ya kambi imewachosha. Ikiwa waasi bado wako kwenye kilima cha jirani, hao ndio watakaolipa. Na jeshi likinyamaza siku mbili, uvumi unachukua nafasi, watu wanakimbia na kuacha maharagwe yaoze shambani.

Jeshi lina haki ya kusema kwamba adui pia anasikiliza redio. Lakini hakuna raia anayeuliza askari ni wangapi au watapita wapi. Raia anataka kujua barabara gani imefungwa, kijiji gani bado hakifai kurudiwa, na mkubwa gani wa kumuuliza. Adui anajua tayari mahali alipo. Asiyejua ni mama mwenye watoto.

Tena hayo yasemwe kwa Kiswahili, moja ya lugha nne za taifa. Tangazo la Kifaransa peke yake linafika ofisini, haliingii ndani ya hema.

Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 24, inampa kila mtu haki ya kupata habari, na kifungu cha 188 kinasema jeshi linatumikia taifa zima. Wakimbizi wa ndani ni sehemu ya taifa hilo. Basi msemaji aanze na usalama wao, kisha ataje ushindi. Na hali ikibadilika usiku, arudi redioni asubuhi kusahihisha. Bendera haitapoteza heshima kwa hilo, na watu watamsikiliza tena siku nyingine.