Si Kila Asali Ni Dawa

Kuanzia Diani hadi Msambweni, ni nadra kumpata mzee asiyeamini kwamba asali ni dawa ya kidonda na kikohozi. Imani hiyo si uzushi. Lakini ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli yaweza kumdhuru mtoto.

Asali hupambana na bakteria kwa njia tatu. Kwanza, sukari yake nyingi huwanyonya maji. Wanafunzi huifahamu hali hiyo kwa jina la osmosisi. Pili, ina asidi: pH yake aghalabu huwa kati ya 3.2 na 4.5. Tatu, nyuki hutia humo kimeng'enya ambacho, asali ichanganyikapo na majimaji ya kidonda, huzalisha haidrojeni peroksaidi. Kimeng'enya hicho huharibiwa na moto. Basi anayeichemsha asali ili imiminike upesi chupani ameipunguzia nguvu, na anayeichanganya na sukari ametughilibu.

Tena asali hazilingani. Ile ya mti wa manuka wa New Zealand ina methiliglioksali, kama watafiti walivyobainisha mwaka 2008, nayo huzuia bakteria hata peroksaidi ikiondolewa. Asali ya nyuki wadogo wasiouma huwa na maji na asidi zaidi. Je, ya mikoko ya Gazi? Ya mikorosho? Ya misitu ya kaya? Sisi huziita zote asali, tukanyamaza.

Naona shule za Kwale zina wajibu hapa. Mwanafunzi na apime pH ya asali za vijiji mbalimbali, aandike maua yaliyoizaa kila moja, kisha aone ni kiasi gani kinachozuia hamira kuumuka. Hamira si bakteria, lakini funzo ni lile lile: kupima kabla ya kusifu.

Mambo mawili hayangoji vipimo. Asali ya mzingani isipakwe kwenye jeraha kubwa. Ile ya hospitalini husafishwa kwanza kwa mionzi ya gama. Na mtoto asiyetimiza miezi 12 asilambishwe asali yoyote, kwani asali iuayo bakteria wengi haiziui mbegu za wale waletao botulizimu, maradhi yanayolegeza misuli, hata ya kupumulia.

Mikoko nayo ikimalizwa kwa boriti na kuni, swali la asali yake litakufa bila jibu. Wahenga walinena: fuata nyuki ule asali. Mwalimu na aongeze: uipime kwanza.