Kwa Nini Link Alinyang'anywa Mkono Wake wa Kushoto?

Wasomaji wapenzi, naomba mnisikilize kabla ya kunizomea. Nataka kuandika juu ya gemu. Najua jarida letu limezoea makala za nidhamu, mazingira na ngano za babu, na najua kuna mwalimu atakayefika hapa akatikisa kichwa, "Hawa watoto na magemu yao!" Mwalimu, shikamoo. Vumilia kidogo, maana neno ninalotaka kulisema linahusu mkono unaoshika kalamu pia.

Gemu yenyewe ni The Legend of Zelda: Skyward Sword, ya kampuni ya Nintendo kutoka Kyoto, Japani. Ni hadithi ya kijana aitwaye Link anayeishi kwenye kisiwa kinachoelea mawinguni. Watu wa huko husafiri kwa kupanda ndege wakubwa kama sisi tunavyopanda matatu. Rafiki yake Zelda anaanguka chini ya mawingu, naye Link anachukua upanga na kumfuata. Ukiisikia hivyo utasema ni hekaya kama zile za Abunuwasi na majini. Naam, ndivyo ilivyo. Mfululizo huu ulianza mwaka 1986 na wapenzi wake wametapakaa dunia nzima.

Gemu hii ilisubiriwa mno. Ile iliyotangulia kwenye mashine ya Wii, Twilight Princess, ilitoka mwaka 2006. Mwezi wa Juni 2010, huko Los Angeles, mzee Shigeru Miyamoto, aliyeuanzisha mfululizo huu, alipanda jukwaani kuionyesha Skyward Sword mbele ya waandishi wa habari. Lo! Upanga ukawa hautii. Yeye anapunga huku, Link anakwenda kule. Ikaelezwa kwamba mawimbi ya vifaa vingine ukumbini yaliingiliana na rimoti. Watu wakasubiri tena hadi Novemba 2011. Mimi nilisubiri zaidi yao, maana Wii nimeipata juzi juzi tu, wakati wa likizo, ilipoletwa kuukuu na binamu yangu, nayo haikuwa na betri.

Sasa, utamu wake uko wapi? Uko mkononi. Gemu nyingi tunazozijua ni za kubonyeza: kitufe hiki piga, kile ruka. Hii unashika rimoti kama mpini wa panga, na unavyoupeleka mkono ndivyo Link anavyoupeleka upanga wake. Katika Twilight Princess jambo hili lilikuwa la juujuu. Ukitikisa rimoti vyovyote vile, hata kama unafukuza nzi, Link anakata. Rimoti ya mwanzo ilihisi mtikiso, lakini haikujua vizuri mkono umegeukia wapi. Mwaka 2009 Nintendo wakatoa kifaa cha kuchomeka kiitwacho MotionPlus, chenye jairoskopu ndani, na hapo ndipo mashine ilipoweza kuufuata mkono hasa. Bila kifaa hicho Skyward Sword haichezeki.

Basi bwana, hapo mambo yakabadilika. Kuna mmea mla watu ambao kinywa chake mara hufunguka wima, mara kwa mlalo, nawe sharti ukate kufuata ufa wa kinywa. Ukikosea, unaumwa. Kuna buibui wa kubinuliwa kwanza kwa pigo la kutoka chini, kisha achomwe tumboni. Lakini mwalimu wangu mkuu alikuwa Ghirahim, yule jemadari wa mashetani mwenye maringo. Mara ya kwanza unapokutana naye anapigana mikono mitupu! Anaunyosha mkono, anaufuata upanga wako kokote unakokwenda, ukipiga anaudaka kwa vidole viwili. Ukiwa na papara, huyo umekwisha. Dawa yake ni hila. Shika upanga upande mmoja taratibu, mwache aupeleke mkono wake huko, kisha kwa ghafla piga kutoka upande mwingine. Nilimshinda jioni ya tatu, jasho likinitiririka, na shangazi amesimama mlangoni akiuliza kama nimeingiwa na pepo.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema kupunga mkono ni vituko vya watoto na vitufe ndiyo mchezo wa wakubwa. Kitufe hakijui tofauti ya mtu aliyefikiri na mtu aliyebahatisha. Mkono wangu ulijua. Ukicheza vile, mwili nao unawaza.

Sisemi gemu haina ila. Kuna kiumbe kiitwacho Fi, roho ya upanga, msemaji kuliko mama wa harusi. Unaona mlango umefungwa kwa kufuli, yeye anajitokeza kukuambia mlango umefungwa. Hata betri za rimoti zikipungua hutoka kukutangazia. Na jairoskopu ile huchoka ikapoteza dira, ikabidi kila mara uielekeze rimoti katikati ya skrini na kuirekebisha. Hayo nayasamehe.

Lipo moja nisilolisamehe. Mimi ni mashoto. Naandika kwa kushoto, nakata mkate kwa kushoto. Na Link, wasomaji wenzangu, alikuwa mashoto pia! Katika gemu nyingi za mfululizo huu, ikiwamo ile maarufu ya Ocarina of Time ya mwaka 1998, alishika upanga kwa mkono wa kushoto na ngao kwa wa kulia. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Alikuwa shujaa, na alikuwa mashoto, basi. Mnajua ni mashujaa wangapi wa namna hiyo mtoto wa mkono wangu anaweza kuwahesabu?

Kisha ikaja Wii. Wachezaji wengi wangeshika rimoti kwa mkono wa kulia, kwa hiyo Link aliyekatia kushoto angewachanganya. Wakafanya nini? Waliigeuza dunia nzima. Twilight Princess ya Wii ni kama taswira ya ile gemu kwenye kioo: Link akawa wa mkono wa kulia, na jangwa lililokuwa magharibi likahamia mashariki. Ajabu ni kwamba toleo la mashine ya GameCube, lililotoka mwezi uliofuata, lilimwacha mashoto vilevile, maana kule ni vitufe tu. Skyward Sword ilipokuja, Link aliumbwa wa mkono wa kulia tangu mwanzo.

Mtu atasema, "Si ni gemu tu? Shika rimoti kwa kushoto ucheze." Ni kweli, nilifanya hivyo, na nakiri kifaa chenyewe kina huruma. Rimoti na kile kijiti chake cha pili, Nunchuk, ni vipande viwili mbalimbali, hivyo nilivibadilishana mikono bila tabu. Upanga ukaenda nilikoupeleka. Lakini natikisa mkono wangu wa kulia kuinua ngao, na Link anainua wa kushoto. Napunga wangu wa kushoto, yeye anapunga wa kulia. Gemu iliyonadiwa kwamba mkono wako na wake ni mkono mmoja, kwangu mimi ilikuwa kumtazama mtu mwingine kwenye kioo. Wale watu tisa katika kila kumi walipata Link. Mimi nilipata jirani yake.

Na hapa nageukia Kiswahili chetu, kwa kuwa hili ni jarida la chama cha Kiswahili. Tazameni maneno yenyewe. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Ina maana mwingine si wa kulia? Wazee wetu husema pia mkono wa kuume na mkono wa kike, na mnajua wenyewe ni upi uliopewa sifa ya kiume. Kumpa mtu kitu kwa kushoto ni kumtusi. Mimi mila siipingi. Napokea kwa kulia, nala kwa kulia, nasalimia kwa kulia. Mgeni akija nyumbani hawezi kunitambua. Lakini kalamu si sahani. Nilipokuwa darasa la pili, mwalimu mmoja alikuwa akiniondolea kalamu kushoto na kuniwekea kulia kila nilipoanza sentensi. Hakuwa mtu mbaya. Aliona ananisaidia nifanane na wenzangu. Hati yangu ikawa kama kuku amepita matopeni, na kwa hati hiyo nikahesabiwa mzito wa akili mwaka mzima.

Ndiyo sababu habari ya Link imenigusa. Walioigeuza dunia kwa ajili ya wengi walithibitisha kwamba dunia hugeuzika. Kama mlima na jangwa vilihama kwa ajili ya wa kulia, kulikuwa na ugumu gani kutuwekea sisi chaguo moja dogo kwenye menyu? Tena walilifanya jambo hilo wao wenyewe. Mwaka 2016 Twilight Princess ilipotolewa upya kwa mashine ya Wii U, ukicheza kiwango cha kawaida Link ni mashoto. Ukichagua kile kigumu, dunia inageuka naye anakuwa wa kulia. Mambo mawili ndani ya diski moja.

Kuna wanaodai zama za kupunga mikono zilipita, hivyo shauri hili ni la kale. Sivyo. Mwaka 2021 Skyward Sword ilitolewa upya kwa mashine ya Switch, na safari hii unaweza kuupunga mkono au kutumia kijiti na vitufe ukiwa umekaa zako kitini. Nawapongeza kwa hilo, ingawa nimeutetea mkono hapo juu. Kuna mtu bega lake haliinuki. Kuna mtu anacheza ndani ya basi. Wapewe njia yao. Fi naye alipunguziwa maneno, alhamdulillahi. Lakini ukicheza kwa vitufe, ile sababu ya rimoti iliyomhamishia Link upanga haipo tena, na bado amebaki wa kulia. Breath of the Wild ya mwaka 2017 haikulazimishi kupunga upanga hata mara moja, naye humo ni wa kulia. Kwenye kile kimashine kidogo cha 3DS, mwaka 2013, alikuwa bado mashoto katika A Link Between Worlds. Kwa hiyo hakusahau kukitumia.

Binamu anasema nikishamaliza niache kulalamika, maana gemu ni nzuri na mimi mwenyewe nakiri. Ni nzuri. Ningeicheza tena kesho kama shule ingefungwa leo. Ninachodai ni swali moja tu. Unapoanza, gemu inakuomba umpe shujaa jina, lolote ulitakalo. Ya mkono haiulizi. Mimi nilimwandika Mashoto. Wahusika wote wa kisiwa kile wakawa wananiita hivyo mpaka mwisho, huku nimeshika upanga kwa mkono wa kulia.