Acheni Kuzima Sauti ya Gemu

Wasee, leo nitakosana na nusu ya wenye vibanda vya PS hapa Murera, lakini wacha niseme tu: mkizima muziki wa gemu, mnatuuzia gemu nusu.

Mnajua vile inaendaga. Unaingia, unalipa mechi yako, unapewa pedi yenye kitufe kimoja kimelegea, na TV iko kimya kama imekufa. Sauti yote inatoka kwa spika kubwa iliyo juu ya mlango, miksi ya DJ inapiga tangu asubuhi. Unacheza mpira, ni miksi. Unaendesha gari, ni miksi ile ile. Jamaa kando yako yuko kwa gemu ya kutisha, anatembea gizani akitafuta mlango, na nyuma yake ni gengetone. Sasa huyo ataogopa nini?

Si ati sipendi miksi. Mimi ni mtu wa Thika Road. Nimewahi kuachilia matatu mbili zenye viti wazi nikingoja nganya moja tu juu ya ngoma zake. Jam ni ile ile ya Githurai, dakika ni zile zile, lakini ukiwa na muziki mzuri unashuka ukiwa na nguvu, na ukiwa na mbaya unashuka umechoka kama umetoka shamba. Kama muziki unabadilisha safari ambayo wewe umekaa tu, fikiria gemu, ambapo wewe ndiye umeshika usukani.

Waliotengeneza gemu za kwanza walijua hii kitu mapema. Space Invaders ilitoka Japani mwaka wa 1978, na muziki wake ni noti nne tu, zinarudiwa na kurudiwa. Wavamizi wakizidi kwenda mbio, noti nazo zinaenda mbio. Noti nne tu na tayari mkono unatoka jasho. Halafu 1985 ikaja Super Mario Bros., muziki wa Koji Kondo. Muda ukienda chini ya 100, ule wimbo unaanza kukimbia, na hata kama hujaangalia saa iliyo juu ya skrini, unajua umechelewa. Huo muziki unakuambia kitu unachohitaji ndio ucheze. Ukiuzima, ni kama umecheza jicho moja limefungwa.

Chukua GTA San Andreas, ya 2004, ambayo nadhani kila kijana wa Kenya ameicheza au amekaa nyuma ya mtu akingoja zamu yake. Hadithi yake iko mwaka wa 1992, lakini hakuna haja ya mtu kukuambia. Unaingia kwa gari, redio inajiwasha, na unajua uko wapi na ni enzi gani. Radio Los Santos inapiga rap, K-JAH West ni reggae, K-Rose ni country. Na mtu wa Kiambu hahitaji kuelezwa country ni nini, tumelelewa nayo kwa harusi na kwa redio za wajomba. Mimi nilikuwa naacha misheni kabisa, nazunguka tu barabarani na lori nikisikiza K-Rose. Hiyo pia ni kucheza. Hakuna misheni iliniambia nifanye hivyo, ni redio.

Lakini wimbo wa gemu ninaoupenda kuliko yote ni Baba Yetu. Uko kwa menyu ya Civilization IV, gemu ya 2005 ambayo ni ya zamani hadi inaendeshwa na laptopu yangu ya mtumba bila kulalamika. Maneno yake ni sala ya Baba Yetu kwa Kiswahili. Aliyeutunga ni Christopher Tin, Mmarekani mwenye asili ya Kichina, na kwa gemu waliimba Talisman, kwaya ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Baadaye akaurekodi tena na Soweto Gospel Choir kwa albamu yake ya 2009, na Februari 2011 ukapata Grammy. Ulikuwa wimbo wa kwanza uliotungiwa gemu kushinda Grammy. Wa kwanza kabisa, na ni wa Kiswahili!

Siku ya kwanza niliuachilia kwa spika nyumbani, shosho akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akaniuliza, "Hiyo ni kwaya ya kanisa gani?" Nikamwambia ni gemu, shosho. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Gemu gani inaomba?" Akakaa kwa kiti akasikiza hadi mwisho. Huyu ndiye hunipigia kelele ati namaliza tokeni za stima na upuzi. Siku hiyo hakusema lolote kuhusu stima.

Sasa, sina wivu na Tin. Alifanya kazi safi. Lakini jiulize: hapa Ruiru na Juja kuna vijana wangapi wanatengeneza biti kwa bedsitter, na laptopu moja na hedifoni zilizofungwa na selotepu? Wote wanangoja msanii aje, awaahidi pesa, apotee. Hakuna mtu amewahi kuwaambia kuna kazi ya kutungia gemu muziki. Wangejuaje? Gemu zote wamecheza maisha yao zilikuwa zimezimwa sauti. Huwezi kutamani kazi ambayo hujawahi kuisikia.

Na nikubali makosa yangu pia. Mwaka jana niliweka klipu ya gemu ya mpira na wimbo maarufu nyuma, nikapigwa hakimiliki, video ikanyamazishwa. Niliogopa, nikaanza kuzima muziki wote kwa kila video. Nikawa kile kibanda ninachokitukana. Baadaye ndio niligundua kuwa gemu nyingi za siku hizi zinakuruhusu kuzima nyimbo za wasanii wa nje peke yake, na muziki uliotungiwa gemu unabaki. Creators wenzangu, angalieni kwa mipangilio ya sauti kabla hamjaua kila kitu.

Najua mwenye kibanda atasema miksi ndio inavuta wateja. Ni kweli, na kwa mechi za mpira sina shida, hata mimi nimechoka kusikia mtangazaji akirudia sentensi moja. Kwa hivyo nilimwomba wa kwetu kitu kidogo: Jumanne mchana, wakati hakuna watu, awashe sauti ya TV. Alikubali. Kijana mmoja wa darasa la saba, ambaye kila siku anagonga ukuta kwa kona, alianza kusikia injini na tairi zikilia, akaanza kufunga breki mapema. Hakushinda, lakini alimaliza mbio. Alipotoka hakuuliza gari lile ni gani. Aliuliza, "Huo wimbo umetengenezwa na nani?"

Jumamosi miksi ilirudi, na sikulaumu, kodi ya kibanda hailipwi na Jumanne. Lakini hilo swali ndilo nataka liulizwe Murera nzima. Wenye vibanda, tupeni saa moja tu kwa wiki. Na wewe unayesoma, leo usiku vaa hedifoni, washa gemu unayoipenda, na usibonyeze kitu kwa dakika mbili. Sikiza menyu tu. Halafu uniambie ulisikia nini.