SAFARI ZETU: Mvua Iliyonyea Wengine



Tulikuwa tumeahidi kuwasimulia safari yetu ya mchangani, na tulidhani tutaandika juu ya nyota, kahawa na watoto wanaoteleza vilimani. Mwenyezi Mungu alipanga vingine. Tunaona ni amana kuyaeleza yaliyotokea kama yalivyokuwa, pamoja na makosa yetu wenyewe, kwani msimu wa baridi haujamalizika na jamaa wengi wangali wanafunga mizigo kuelekea huko huko.

Tulikuwa familia saba katika magari manane. Tuliondoka Maskati siku ya Ijumaa baada ya swala, tukapita Bidbid na Ibra hadi Bidiya. Njiani wazee walitutajia vijiji ambavyo babu zao walivihama, wakenda Sur kungojea upepo wa kaskazi uwapeleke Unguja. Watoto wetu, waliozaliwa Maskati, walisikiliza kwa sikio moja. Jingine lilikuwa kwenye simu. Mchanga wa Sharqiya, ambao wengi wetu bado twauita Wahiba, una eneo la takriban kilomita za mraba 12,500. Unguja nzima ingeingia humo zaidi ya mara saba. Ukingoni tulipunguza upepo wa matairi, tukavuka wadi moja kavu lenye changarawe, na kabla ya Magharibi mahema yalikwisha simama.

Sasa tueleze kosa letu. Tangu Jumatano habari za hali ya hewa zilitaja mgandamizo mdogo wa hewa unaokuja kutoka magharibi. Mvua za baridi za kaskazini mwa Oman huletwa na migandamizo ya namna hiyo. Hewa yenye unyevu hufika kwenye milima ya Hajar, hupanda, hupoa, na kushuka kwa ghadhabu. Maskati hupata kama milimita 100 tu za mvua kwa mwaka mzima, lakini sehemu kubwa ya hizo huweza kushuka katika siku mbili tatu. Haya tuliyajua. Hata hivyo sisi tuliopewa dhamana ya safari tuliitazama mbingu ya Bidiya, tukaiona safi, tukawaambia wenzetu: "Mvua ya huku ni ya kunyunyiza tu, msihofu." Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Sisi tulitafuta mawingu juu ya vichwa vyetu, na mawingu yalikuwa juu ya milima.

Tulisali Magharibi na Isha kwa kukusanya na kupunguza. Miongoni mwetu wamo Maibadhi na Mashafi, na kwa hisabu ya madhehebu zote mbili mwendo wa zaidi ya kilomita 200 ni safari, basi hapakuwa na mjadala. Pilau ilipopakuliwa, upepo ukaanza. Mwanzo ulikuwa wa kuchezea mitandio. Mara ukageuka kuwa ukuta wa mchanga, na kila tonge likawa na chengachenga. Upande wa kaskazini radi zilikuwa zikimulika milima bila ya sauti. Kufikia saa nne za usiku mvua ilikuwa juu yetu, baridi na ya kuchapa, na mahema mawili yalikwisha ng'oka.

Wazee waliamuru mambo mawili yaliyotusalimisha. La kwanza, watoto wote waingizwe magarini na vijana washuke kutoka juu ya vilima, kwani mtu aliyesimama kileleni na mlingoti wa chuma wa hema ndio vitu virefu vinavyoitwa na radi mahali palipo tambarare. La pili lilihusu seredani. Akinamama, kwa huruma ya watoto wanaotetemeka, walitaka kuliingiza hemani na kufunga milango. Bibi mmoja ambaye ni muuguzi alisimama mlangoni akakataa katakata. Makaa yanayowaka mahali palipofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyokuwa na rangi wala harufu, na mwenye kuivuta hulala usingizi asiamke. Seredani likabaki nje, likazimwa na mvua. Tulinung'unika wakati ule. Leo tunamwombea dua.

Wengine walitaka tukusanyike kwa swala ya usiku. Maalim akatukumbusha kuwa Mtume (S.A.W.) alipokuwa safarini, usiku wa baridi au wa mvua, alimwamrisha mwadhini awatangazie watu wasali kwenye mahema yao. Dini imekwisha tupa nafasi, tusijipe mashaka.

Yapata saa sita, mtoto mmoja wa miaka minne, mwenye maradhi ya pumu, alianza kubanwa na kifua kwa lile vumbi la mwanzo. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa imesalia mipumuo michache. Baba yake aliwasha gari aelekee hospitali. Tulipojaribu kumzuia alitugeukia akasema: "Nyinyi ndinyi mlioniambia mvua ya kunyunyiza." Hatukuwa na jawabu, kwa sababu alisema kweli.

Mzee wetu, ambaye sote twamwita Ami, hakubishana naye. Alisema: "Twende pamoja, mwanangu, tukaliangalie wadi. Likipitika, mimi mwenyewe nitapanda gari lako." Magari mawili yakaondoka polepole. Mchanga uliolowa haukuwa taabu, kwani hushikana na kuwa mgumu kuliko mkavu. Taabu ilikuwa kwenye bapa za udongo baina ya vilima, zilizokuwa utelezi mtupu. Tulipofika, lile wadi la changarawe tulilovuka mchana lilikuwa linanguruma gizani. Kwa taa za gari maji yalionekana kama ya magotini tu, na ng'ambo ilikuwa karibu. Baba alisema atapita. Gari lake lilikuwa kubwa na refu.

Ami aliokota jiwe jeupe, akaliweka pale maji yanapoishia. "Tungojee robo saa," alisema. Haikufika robo saa. Jiwe lilimezwa, na maji yakaja hadi kwenye ncha za viatu vyetu. Pale tulipokuwa, mvua ilikuwa imeshaanza kupungua.

Ndugu wasomaji, hili ndilo tunalotaka lishike. Sisi tuliolelewa Unguja, Pemba na Mombasa tulizoea kuwa mvua humlowesha iliyemnyea. Hapa mvua iliyonyea wengine, kilomita nyingi mbali, ndiyo inayoua. Wadi Al Batha na matawi yake hupokea maji ya Hajar ya Mashariki na kuyapitisha ukingoni mwa mchanga, na maji hayo huja wakati aliye chini anaona nyota. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 60 tu hulielea na kulibeba gari la kawaida, na hata magari makubwa hayana amani. Mnakumbuka Aprili 2024, katika mkoa huu huu wa Sharqiya Kaskazini, wanafunzi walivyochukuliwa na mafuriko huko Samad Al Shan. Mwenyezi Mungu awarehemu na awape subira wazee wao.

Palepale ukingoni simu ilipata mawasiliano, tukapiga 9999. Tuliambiwa tusivuke kabisa na tukae mahali palipoinuka. Tukarudi. Bibi muuguzi alimkalisha mtoto wima ndani ya gari lililofungwa vioo, mbali na vumbi, akampa dawa kwa kupitia kikombe cha karatasi alichokitoboa kitako, kidogo kidogo. Familia nyingine ilikuwa na dawa ile ile, chupa nzima. Hatukulala. Hakuna aliyejua kama tumeamua sawa, na baba yake alikaa nje kwenye manyunyu, hasemi na mtu. Karibu na Alfajiri kifua kikalegea, mtoto akaomba mkate.

Asubuhi tulirudi wadini. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanapita na gogo zima la mtende na tangi la maji, mahali ambapo gari lingepita usiku. Tulivuka baada ya Alasiri, mmoja mmoja, Ami akitangulia kwa miguu na fimbo.

Basi kwa wanaokwenda baada yetu, tunausia haya. Soma habari za hewa za milimani, si za mahali unapokwenda peke yake. Usipige hema ndani ya wadi, hata likiwa kavu kama jangwa lenyewe. Chukua chakula, maji na dawa za siku mbili zaidi ya safari yako, na mwenye mgonjwa amweleze kiongozi kabla ya kuondoka. Moto usiingie hemani. Waachie jamaa zako Maskati jina la mahali na saa ya kurejea. Na ukikuta wadi linakwenda, zima gari. Sheria ya Oman inamhisabu mwenye kulivuka kwa makusudi kuwa mkosaji, na kabla ya sheria pana roho za watoto ulizopakia. Kawia ufike.

Baba wa yule mtoto ndiye aliyetuomba tuyaandike haya, kwa sharti tusimtaje jina. Sisi nasi tunamwomba radhi hadharani, kama tulivyomwomba faraghani. Kutawakali ni baada ya kumfunga ngamia, na usiku ule ngamia wetu hatukumfunga; tulifungiwa na mzee mwenye jiwe mkononi.

Mwenyezi Mungu azijaalie mvua zetu ziwe za manufaa. Wabillahi tawfiq.