Ajuaye Lishe Naye Afundishwe Kufundisha



Katika nchi yetu mwalimu wa shule ya msingi haajiriwi ila amekwisha soma kazi yake chuoni, akajaribiwa darasani huku mkufunzi wake amekaa nyuma akimtazama, kisha akasajiliwa na Tume ya Kuajiri Walimu (TSC). Lakini kijana anayesomea shahada ya uzamili au uzamifu ya lishe hupewa chaki na kuambiwa, "Darasa lako ni lile, nenda." Basi.

Mimi pia nilianza hivyo. Siku ya kwanza nilisoma karatasi zangu saa mbili nzima, wanafunzi wakanakili. Niliwaambia kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzingo wa mkono wake wa juu ukiwa chini ya sentimita 11.5, ana utapiamlo mkali. Katika mtihani wote waliipata namba hiyo. Walipokwenda zahanati, mmoja aliivuta tepu mpaka ikabana nyama, mwingine akaiacha inaning'inia. Kosa halikuwa lao. Lilikuwa langu, na la walionituma.

Jambo hili si dogo. Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Kenya walio chini ya miaka mitano, 18 wamedumaa. Wanaokwenda kuwapima ndio hao tunaowafundisha. Tepu ikibana, mtoto mzima huandikwa mgonjwa. Ikilegea, mgonjwa hurudishwa nyumbani.

Wako wasemao kwamba mwenye elimu nyingi atajua tu kufundisha. Sivyo. Kujua vitamini ni kazi moja. Kumwezesha kijana amshauri mama mwenye unga na sukuma wiki tu nyumbani ni kazi nyingine, nayo yataka kufunzwa.

Basi chama chetu kidai mambo matatu. Kwanza, mafunzo ya ualimu yawe ndani ya shahada hizo: kupanga somo, kutunga mtihani, kufundisha kwa vitendo jikoni na zahanati. Pili, mhadhiri mzoefu amwangalie mgeni darasani muhula wa kwanza, na saa hizo zihesabiwe kuwa kazi. Tatu, anayefundisha alipwe, tena kwa wakati. Mafunzo yasiwe njia ya kupata mwalimu wa bure.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mwalimu vivyo hivyo. Tulijadili jambo hili katika mkutano wa tawi.

Mwanachama mwenzenu